Lambert na Nyumba ya Farasi wa Posta

Siku nilipomjua Lambert alikuwa amejilaza kwenye kizingiti cha mlango, kichwa kimegusa ukuta upande huu, miguu inatafuta ukuta wa upande ule. Nikadhani kaanguka kifafa. Nikamwita, "Wee baba, una nini?"

Akajibu bila kuinuka. "Mama, hii mlango ni kubwa sana. Miguu yangu haifiki. Sasa niambie, watu wa zamani walikuwa wanene namna gani?"

Nikamwambia ainuke, pale chini pana mafuta ya magari, ataharibu sare ya kampuni na nyingine hawatampa. Akainuka, akajipangusa, akaenda kujilaza mlango wa pili, ule unaotazamana na wa kwanza. Ndio Lambert huyo. Watu wakipita getini humwona mlinzi tu, mrefu, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Mie nimeona nimwandike, maana nimekaa naye uwanja mmoja miaka sita na najua alilolifanya.

Uwanja wenyewe uko Doornfontein, hapa Johannesburg, nyuma ya karakana za maseremala na mafundi wa kupiga magari rangi. Una geti moja la chuma. Mwisho wa uwanja kuna jengo refu la mawe, kimo chake kifupi, bati juu. Chumba changu kimo humo. Naitwa Tabia, wa Tanga, Chumbageni. Nilishuka mji huu mwaka wa tisini na nane na begi moja, na kazi yangu tangu hapo ni kupeleka na kupokea mizigo ya watu. Barua, vitenge, dawa za miti, simu, nguo za arusi, vyeti. Vinakwenda na mabasi mpaka Lusaka, Lubumbashi, Dar, na vinarudi hivyo hivyo.

Kwangu mzigo ulikuwa na mkono mmoja. Atakayeupokea kule ndiye atakayeuweka juu ya meza yangu. Hakuna kumpa shemeji, hakuna kumwachia dereva. Ni amana. Kila niliyempa kazi nilimshika mkono nikamwapisha. Wenzangu walinicheka, wakaniambia Bi Tabia unajichelewesha. Nikawaambia chekeni, mie sijapoteza hata kitufe. Na sababu ninayo. Barua ya mwisho ya mama yangu ilipita mikono mitano kutoka Tanga, ikanifikia baada ya miezi saba, imefunguliwa, imemwagiwa chai, na mama kaburini mwezi wa nne. Nikasema mie sitamfanyia mtu hivyo.

Lambert ni mtu wa Katanga, wa mji mmoja wa migodi. Baba yake alikuwa fundi wa reli. Yeye alipomaliza shule akaajiriwa posta ya kwao, kazi ya kupanga barua kwenye vijumba vya mbao. Vijumba mia moja na arobaini na nne, anavijua mpaka leo kwa mpangilio wake. Mwanzo zilikuwa barua za magunia. Baadaye vita, baadaye simu, barua zikapungua hata ikapita wiki nzima wakapata tatu. Na Lambert bado anaamka, anavaa shati la kazi, anakwenda.

"Ulikuwa unafanya nini kutwa?" nilimwuliza.

"Nilikuwa napangusa vumbi kwenye vijumba. Na kusoma majina ya watu. Nilikuwa najiuliza huyu alihama, huyu alikufa, huyu alikasirika na nani asiandikiwe."

Mkewe akafariki. Lambert akamwacha binti yao Murielle kwa dada yake, Agnès, huko Lubumbashi, akaja Johannesburg kulinda mageti. Mtu aliyezoea kusoma majina ukimweka getini atasoma kuta, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Maana lile jengo halikumpa raha. Kwa nini milango miwili, inatazamana, mikubwa yote? Kwa nini ukutani kuna pete za chuma, nene kama kidole gumba, tena zimepangwa kwa hatua tatu tatu? Kwa nini kuna karai refu la jiwe lililokatwa nje, na kwa nini lile dirisha dogo moja liko juu upande wa kaskazini, ambapo mtu hawezi kuchungulia?

Mie nilimwambia ni duka la zamani la nyama, pete ni za kutundikia. Niliona jawabu langu linatosha. Yeye akazipima pete kwa kifua chake, akatikisa kichwa. "Ng'ombe aliyekufa anatundikwa juu, Mama. Hizi ziko chini. Huyu aliyefungwa hapa alikuwa mzima."

Siku zake za mapumziko akawa anakwenda maktaba ya mjini. Wenzake wanakwenda kanisani au kulala, yeye na madaftari. Kiingereza chake kilikuwa cha getini: jina, namba ya gari, unamtaka nani. Lakini mama mmoja wa maktaba akamwonea huruma, au alichoka naye, akamtafutia. Mwaka wa pili akaja na karatasi sita zilizopigwa kopi, akazishika kama mtu aliyebeba mayai.

Wakati huo Murielle alikuwa keshakuja kwa baba yake, wamepanga chumba Berea, na Kiingereza chake kinakimbia. Jumapili tukakaa watatu juu ya makreti ya soda, yeye anasoma, anatufasiria, mie namenya viazi.

Kumbe jengo lilikuwa kituo cha posta ya farasi. Enzi hizo dhahabu ndiyo kwanza imechimbwa, reli haijafika, huku kote majani na mahema. Barua za kaskazini zilichukuliwa na mtu juu ya farasi. Farasi hawezi kukimbia safari nzima, atakufa. Basi njiani wakajenga vituo, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kimoja mpaka kingine, na kila kituo kina farasi waliokwisha kupumzika. Hizo karatasi sita zilikuwa za daftari la mtunza kituo.

Murielle akasoma: "Saa moja na robo asubuhi, mpanda farasi ameingia kutoka kaskazini. Saa moja na dakika kumi na tisa ametoka. Farasi ameingia Duma wa Kijivu, ametoka Malkia. Mvua. Jonas ametandika."

"Dakika nne?" nikasema. "Hata maji hakunywa?"

"Alikunywa amesimama," Lambert akasema. Akaruka juu kutoka kwenye kreti. "Mumeona sasa milango? Huyu anaingia huku amechoka, yule anatoka huku! Hawageuki. Na dirisha si la kuchungulia, ni la kusikia. Yule mpanda farasi anapiga baragumu akiwa bado mbali, Jonas anasikia, anaweka tandiko."

Nikamwuliza Jonas ni nani. Hakuna aliyejua. Daftari linasema Jonas tu, Jonas ametandika, Jonas anaumwa, Jonas amerudi. Mtunza kituo ana jina refu la Kizungu na sahihi ya madoido, na Jonas ana Jonas. Lambert alilirudia jina lile mara nyingi kuliko la bwana wake.

Kuna mahali Murielle alisimama akacheka. "Papa, hapa wameandika farasi ametiwa chumvi."

"Chumvi?" nikasema. "Kama nguru?"

Tukakaa na neno hilo wiki nzima. Mie nilisema labda walikula farasi, njaa haina adabu. Lambert akarudi maktaba kuuliza. Kumbe nchi hii ilikuwa na ugonjwa unaoua farasi kila majira ya joto na mvua, wengi mno. Yule aliyeugua akapona haugui tena upesi, basi wakamwita aliyetiwa chumvi, na huyo ndiye walimtaka kwa kazi ya barua. Lambert alifurahi na habari hiyo kama aliyepandishwa cheo. Akawa akiona Mkongo au Mtanzania aliyekaa mjini hapa muda mrefu, anamwambia, wewe umetiwa chumvi.

Na jambo jingine lilikuwa la mfuko wa barua. Murielle alilisoma mara mbili, maana baba yake alimwambia arudie. Mfuko ulikuwa na kufuli. Ufunguo mmoja uko mwanzo wa safari, wa pili uko mwisho. Wote waliopo katikati, mpanda farasi, mtunza kituo, Jonas, hakuna mwenye ufunguo. Mie nilisikia nikaendelea na viazi vyangu.

Sasa nifike kwenye lile lililotokea.

Murielle alitaka unesi. Aliomba chuo, akaitwa, akafanya mtihani, akapita. Lakini wakamwambia alete cheti halisi cha sekondari, chenye muhuri, si kopi, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asipoleta, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Huko kwao cheti chenyewe hukawia, hutangulia karatasi ya muda, na Murielle alikuwa amengoja miaka miwili. Bahati kikatoka wiki mbili kabla. Agnès akakichukua, akapiga simu analia na kucheka.

Nikamtuma Yasini. Huyu ni Mzanzibari, anauza vitenge, amenibebea mizigo miaka kumi na mmoja na sijamsikia akisema uongo ila kuhusu timu yake ya mpira. Jumatatu akapokea cheti mkononi mwa Agnès, akakitia ndani ya fulana. Jumanne Lusaka. Jumatano Harare. Tukahesabu: Alhamisi jioni yuko kwangu. Lambert alinunua bahasha mpya ngumu ya kwendea nayo chuoni.

Alhamisi saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi simu ikalia. Nimeiweka sauti ya juu, masikio yangu hayasikii vizuri siku hizi. Lambert alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe.

"Shikamoo Bi Tabia. Nimerudishwa."

"Marahaba. Umerudishwa na nani?"

"Pasipoti imejaa, mama. Hapa mpakani wanataka ukurasa mtupu, mie sina hata mmoja. Kosa langu, sikuhesabu. Inabidi nirudi Harare, ubalozini, wanipe nyingine."

"Lini?"

"Wiki ijayo, wakinionea huruma."

"Na cheti?"

"Ninacho kifuani. Kuna mtu hapa, Hénock, Mkongo, tumekaa kiti kimoja tangu Harare. Anauza viatu Polokwane. Yeye wamemgongea, basi linaondoka baada ya nusu saa. Anasema atakibeba. Nimemwambia hapana, hiki ni amana ya Bi Tabia."

"Umefanya vyema," nikasema.

Nilisema hivyo, sitaficha. Hata sikufikiri. Miaka yote nimewafunza watu jibu hilo, na Yasini amelijibu vile nilivyomfunza. Nikakata simu.

Lambert akaweka kikombe chini. Akavua kofia. "Mama Tabia. Ni kesho saa sita."

"Najua."

"Basi mpigie tena, mwambie ampe."

"Unamjua huyo Hénock?"

"Simjui."

"Mie namjua?"

"Humjui."

"Basi! Mtu wa viatu, hatumjui kwao wala kanisa lake. Akishuka na cheti cha mtoto wako akakitupa, nitamwambia nini Agnès? Nitakuambia wewe nini?"

"Na akibaki nacho Yasini Harare wiki nzima, cheti ni kizima, mtoto wangu je?" Hakupaza sauti. Lambert hajui kupaza sauti. "Inuka Mama, kuja huku. Dakika mbili tu."

"Sina mguu wa kutembezwa asubuhi hii."

"Wa dakika mbili unao."

Akanitoa chumbani akanisimamisha katikati ya jengo, baina ya milango miwili, maseremala wanatutazama na misumeno yao. "Farasi ameingia huku. Amechoka. Jonas amemshika huyu, mwenzake amesimama pale na tandiko. Mfuko unatoka mgongo huu unakwenda mgongo ule. Jonas aliwajua wenye barua?"

"Nitajuaje mie?"

"Murielle alisoma, na wewe ulikuwepo. Kulikuwa na jina la mwenye barua hata moja?"

"Hakuna."

"Kulikuwa na nini?"

"Saa," nikasema. "Na majina ya farasi."

"Na mfuko ulikuwa na nini?"

Nilikuwa nimejua anakopeleka, sikutaka kufika.

"Ulikuwa na kufuli, Mama. Jonas hakula kiapo. Mtu mwenyewe hata jina la baba yake hawakuliandika, ungemwapisha kwa nini? Lakini barua zilifika, maana hakuna aliyeweza kufungua bila kuonekana."

"Mie sina kufuli la kumrushia Yasini mpakani."

"Yasini ana sindano," Lambert akasema.

Ni kweli. Yasini safarini hushona kofia. Kofia za kwao, za vitobo, anakaa ndani ya basi siku tatu anatoboa na kuzungushia uzi, anashuka na nusu kofia. Vitobo vya Yasini nawajua watu wa Unguja watakaovitambua, ni vidogo kama jicho la sisimizi, na hakuna mtu barabara nzima kutoka mpakani mpaka hapa anayeweza kukata uzi ule akaurudishia ukawa vile.

Nilisimama pale kitambo. Si kwamba sikuelewa. Nilikuwa nafikiri, mie niliyesema vingine miaka ishirini na kitu, nianze leo kusema hivi, mbele ya mlinzi na maseremala? Na Yasini je? Lambert alikuwa anatazama saa ya ukutani ya fundi, na kidole chake kinahesabu juu ya paja.

Nikapiga simu. "Yasini, mpe."

"Siwezi."

"Nakwambia mpe."

"Bi Tabia, wewe ulinishika mkono huu ukaniapisha. Leo unaniambia nimpe muuza viatu?"

"Nilikuapisha mie, nakufungua mie. Lakini kwanza sikiliza. Una kitambaa? Kata kitenge. Kitie cheti ndani na kadibodi kisikunjike, ushone pande zote, na upande wa mwisho uzibe kwa vitobo. Saba. Upige picha uniletee."

Kisha akasema, "Vya kofia?"

"Vya kofia."

"Kwenye kitenge kipya?" Muuzaji ni muuzaji.

"Nitakulipa wallahi! Shona!"

Lambert akainama kwenye simu. "Kaka Yasini, na uandike juu ya kitambaa jina lako na saa. Na Hénock aandike lake. Kila atakayeshika aandike."

Picha ikaja dakika ishirini baadaye. Vitobo saba, vimebanana, na kalamu ya wino, kwa saa ya Kizungu: Yasini, 9.50. Chini yake, kwa mkono mwingine: Hénock, 9.52.

"Dakika mbili," Lambert akasema. Akatabasamu mara ya kwanza siku ile. "Jonas angesema tumejitahidi."

Saa tisa alasiri Hénock akapiga. Sauti ya mtu mchangamfu, nyuma yake watu wananadi. "Mama Tabia, bonjour, mimi niko Polokwane, mfuko yako iko salama. Lakini mimi ninabaki hapa, nauza mpaka Jumamosi. Kuna mama mmoja anauza mboga karibu na mimi, yeye kila Ijumaa asubuhi anapanda teksi ya kwanza kuja Johannesburg kuona binti yake. Nimpe?"

"Anaitwa nani?"

"Eish. Sisi tunamwita Ma wa Spinachi."

Sasa Lambert ndiye aliyeingiwa na hofu. Alishika ukingo wa meza yangu. "Hana jina? Mama, huyu hata Kiswahili hajui. Labda tungoje, labda tutafute Mkongo mwingine..."

"Jonas alikuwa na jina la baba yake?" nikamwuliza.

Akauachia ukingo wa meza.

"Mwambie Hénock amwombe jina na namba ya simu," nikasema. "Aandike kwenye kitambaa. Ampe."

Murielle akampigia huyo mama, wakasemezana Kiingereza na Kizulu cha kuokoteza. Anaitwa Mokgadi. Alisema yeye hana nafasi ya kuzunguka Doornfontein, anateremka mbali mbele huko, lakini teksi inapita kona ya barabara yetu na lazima isimame kwenye robot, ndizo taa za barabarani huku. Mtu asimame hapo. Atampa dirishani. Taa ikiwa kijani hawezi kumsimamisha dereva, atampita. Alisema hivyo bila kutisha, kama mtu anayekueleza bei ya mchicha.

Ijumaa saa tatu tulikuwa tumesimama kwenye robot, sisi watatu. Murielle amevaa sketi ya kanisani na ana kadi ya chuo shingoni. Lambert amebadilishana zamu na ameleta kalamu mbili, moja ikigoma. Mie nimeketi kwenye kreti na miwani yangu. Teksi nyeupe zinapita kama nzige, zote zinafanana. Saa tatu na nusu. Saa nne. Murielle alipiga, simu ya Mokgadi haipatikani. Lambert akawa kila taa ikiwa nyekundu anakwenda dirisha kwa dirisha, anainama, anasema, "Ma Mokgadi? Ma Mokgadi?" Watu wanafunga vioo, wanadhani anauza kitu.

Saa nne na dakika arobaini taa ilikuwa kijani. Teksi moja inakuja mbio, na dirishani mkono mnene umetoka mpaka begani, unapunga kitenge cha njano. Haikusimama. Ilipunguza tu. Lambert akaanza kukimbia pembeni yake. Miaka hamsini na minne, viatu vya ulinzi, anakimbia na mkono mbele. Nilimwona akikishika. Mama yule akapiga kelele kitu, akacheka, wamekwenda zao. Hata asante hatukumpa.

Murielle alikuwa keshasimamisha gari la kumpeleka chuoni, mlango uko wazi. "Papa, twende! Papa!"

Lakini Lambert amepiga goti katikati ya magari, kitenge juu ya paja, anaandika. Kalamu ya kwanza ikagoma, akatoa ya pili. Madereva wanampigia honi na kumtukana kwa lugha nne. Aliandika jina lake chini ya la Mokgadi, akatazama saa, akaandika saa. Ndipo akaja kwangu. Hakumpa mtoto wake kwanza, alinipa mie.

Nikavaa miwani. Nikavihesabu vitobo kwa ukucha. Saba, uzi ule ule, haujaguswa. Nikampa Murielle mkasi wangu. "Kata. Kimefika."

Wakaenda. Mie nilirudi chumbani, nikakaa, sikupokea mzigo wa mtu yeyote mpaka simu ilipolia. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili Murielle alikuwa mbele ya meza ya chuo. Yule karani alikishika cheti, akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akagonga muhuri kwenye kopi, akamrudishia. "Nusu dakika, bibi!" Murielle alikuwa ananieleza na anapiga mayowe barabarani. "Nusu dakika tu, na nimo!" Nyuma yake namsikia Lambert anauliza, alikishika kwa mkono gani? Alisoma jina au hakusoma?

Nikampigia Yasini. Alikuwa Harare, kwenye foleni ya ubalozi. Nilijua ana donge na mie, maana tangu jana hakunitumia hata salamu. Nikamwambia kimefika, mtoto ameingia chuo. Akasema alhamdulillahi. Nikamwomba radhi. Sina mazoea nayo, ilitoka vibaya, lakini ilitoka.

"Bi Tabia," akasema, "vile vitobo. Uliviona kwa macho yako?"

"Niliviona."

"Vyote saba?"

"Saba, vya kwako, hakuna aliyevigusa. Vimekatwa mbele yangu hapa Doornfontein."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Basi nimefikisha," akasema Yasini, na akaniambia nisubiri, foleni inasogea.